Rangi Juu ya Ubao Mbovu

Ziko kazi ambazo watu huziona, na ziko kazi ambazo maji peke yake huziona. Ajengaye ukuta ulionyoka husifiwa na wapita njia. Afumaye kikapu chema husifiwa sokoni. Bali ajengaye mashua, sehemu iliyo kubwa ya kazi yake haitasifiwa na mtu ye yote, kwa kuwa itakaa chini ya maji siku zote. Na palipo kazi isiyoonekana, hapo pana jaribu lisiloonekana. Ndiyo sababu fundi wa mashua ni mwalimu mzuri kwa kila atakaye kupambanua neno hili: je, mtu afunikaye kasoro kwa rangi nzuri, asitamke neno lo lote la uwongo, amesema uwongo? Na kama amesema, amemdhulumu nani?

Swali hili laonekana dogo. Walakini watu wa ukingo wa Tanganyika wajua ya kuwa si dogo. Ziwa hilo lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika meta 1,470. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mawimbi huinuka kabla mtu hajafika pwani. Mvuvi atokaye usiku na taa yake kutafuta ndagala hana kitu chini ya miguu yake ila ubao usiozidi unene wa vidole viwili. Aliyeupiga ubao ule misumari hayupo pamoja naye. Amelala nyumbani kwake. Basi mvuvi ameuweka uhai wake mikononi mwa mtu aliyelala.

MFANO WA BABA MMOJA

Ichukuliwe kwa mfano habari ya baba mmoja wa kijiji cha ukingoni, upande wa Moba. Yeye ni seremala wa milango na viti. Hana sifa ya fundi wa mashua. Lakini babu yake alichonga mitumbwi ya mti mzima, naye tangu utoto alitamani kujenga chombo cha mbao. Kijana mmoja mvuvi, wa kijiji cha jirani, akamwagiza mashua ndogo ya meta 5, akampa nusu ya bei mkononi. Kijana huyo ameoa si siku nyingi; ana mke na mtoto mchanga. Siku ya soko huwachukua wote wawili kwa njia ya maji, maana njia ya nchi kavu ni ndefu na mbaya.

Kazi ikaanza uani, nyuma ya jiko, chini ya mwembe. Kwanza baba aliulaza mkuku, yaani mti mrefu wa chini ulio kama uti wa mgongo wa mashua. Akasimamisha mti wa mbele na mti wa nyuma. Akafunga mataruma, ambayo ndiyo mbavu zake. Kisha akapiga mbao za mvule, moja baada ya moja, toka mkukuni kupanda juu. Katika kila mwanya akasindika pamba iliyochovywa mafuta ya mawese, akaigongomea kwa patasi butu hata maji yasipate mlango. Mwanawe wa miaka kumi na miwili alishika ncha ya kila ubao, akaokota misumari iliyoanguka, akajifunza pasipo kuambiwa. Kazi ikachukua majuma mengi, kwa sababu ilifanywa jioni na siku za Jumamosi tu.

Mwishowe mashua ikawa tayari kupakwa. Makopo ya rangi, ya buluu na nyeupe, yalikuwa yamekwisha nunuliwa. Lakini kabla ya kupaka, baba akafanya kama afanyavyo fundi mwenye busara: akagonga kila ubao kwa mpini wa nyundo, akisikiliza. Ubao mzima hulia. Ubao mbovu hunyamaza. Ubao wa pili kutoka mkukuni, karibu na fundo, ukatoa sauti nzito kama boga. Akachoma kisu, kisu kikaingia pasipo shida. Sehemu ile haikuwa kiini cha mvule, mti mgumu ambao hata mchwa huushindwa. Ilikuwa mti mweupe wa nje, ule ukaao chini ya gome, ambao huoza upesi. Tena ulikuwa umelala mvuani muda mrefu kabla ya kuuzwa. Baba aliununua kwa haraka, asiutazame pande zote.

Pesa za kununua ubao mwingine hazikuwako, ila zile zilizowekwa kwa masomo ya mtoto. Rika lake mmoja, jirani wa karibu, akaja akatazama, akasema: «Ndugu yangu, paka rangi mara tatu, yatosha. Wewe hukumwambia neno la uwongo. Kijana ana macho, atazame mwenyewe. Tena ni fundi gani asiyefanya hivyo?» Baba hakujibu. Mtoto, aliyekuwa ameshika kopo la rangi, akauliza: «Baba, nifungue?»

RANGI HAINA HATIA

Yafaa kwanza kuiondolea rangi lawama. Wako watu wakali wasemao ya kwamba kila pambo ni udanganyifu. Neno hilo si la haki. Rangi ina kazi tatu njema. Ya kwanza ni kulinda. Ubao unaolowa na kukauka, kulowa tena na kukauka tena, ndio unaooza upesi, kwa maana kuvu ilayo mti yahitaji maji na hewa pamoja. Rangi nzuri huyazuia maji yasiingie. Kitabu cha Mwanzo chasimulia jinsi Noe alivyoagizwa kuipaka safina yake lami ndani na nje, wala hakuna aliyeiita lami ile uwongo. Ya pili ni kupendeza: binadamu hatosheki na kitu kinachofaa tu, hupenda pia kifurahishe macho yake na ya jirani zake. Ya tatu ni kutambulisha: mwenye mashua huijua mashua yake toka mbali, na chombo kikubwa huweza kuiona ndogo kabla ya kuigonga.

Walakini rangi yafuata hali ya ubao. Ikipakwa juu ya ubao mkavu na mzima, huulinda. Ikipakwa juu ya ubao wenye unyevu na uozo, huufungia unyevu ndani. Uozo huendelea gizani, huku nje pang'aa. Hapo mlinzi amekuwa mwenzi wa mwizi. Watu wa pwani wana mithali: Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni kijisanduku cha mti kilichopambwa. Hupendeza juu ya meza, bali hauvumilii maji. Na mashua, kazi yake yote ni majini. Basi rangi yenyewe haina hatia. Swali laelekea mkono ushikao brashi, na zaidi ya mkono, moyo uuongozao.

«HUKUSEMA NENO LA UWONGO»

Udhuru wa kwanza wa jirani ni wa zamani sana. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mtu wa Roma, aliandika kitabu juu ya wajibu wa wanadamu. Humo alisimulia mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso. Mfano wao mmoja ulikuwa huu: mtu anauza nyumba yenye kasoro ambazo yeye peke yake azijua. Je, yampasa kuzisema? Diogenes alishika kwamba kutosema si sawa na kuficha, na kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu kununua. Antipater alijibu kwamba kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni kama kumwona msafiri amepotea, ukakataa kumwonyesha njia. Cicero mwenyewe aliamua kwamba anyamazaye kwa faida yake, ili mwenzake asijue jambo linalompasa kulijua, huyo ameficha.

Tena mpaka rangi amefanya zaidi ya kunyamaza. Mtu anyamazaye huliacha jambo mahali lilipo, na mwenye akili aweza kulitafuta. Bali kila brashi ipitayo juu ya ubao mbovu hutamka: Hapa pazima. Ulimi umenyamaza, mkono umesema. Kwa hiyo mtu huyo amevunja amri ya nane, ikatazayo ushuhuda wa uwongo. Na kwa kuwa amepokea bei ya mashua nzima huku akitoa mashua mbovu, amevunja na ya saba, ikatazayo kuiba. Tendo moja dogo, la dakika chache, lagusa amri mbili.

«KIJANA ANA MACHO»

Udhuru wa pili una sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo yapasa kukubaliwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa karne ya 13, aliuliza swali hilohilo: je, muuzaji amefungwa kuitaja kasoro ya kitu anachouza? Alipambanua namna mbili. Kasoro ikiwa wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na muuzaji akipunguza bei kwa haki, hana lazima ya kuitangaza, kwa kuwa kila mtu aiona. Lakini kasoro ikiwa imefichika, nayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Asipoisema, mauzo yake si ya haki, naye amefungwa kulipa hasara iliyotokea.

Kwa mizani hiyo mambo ni wazi. Kama baba angaliiacha mashua bila rangi, kisu cha kijana kingaliweza kuuona ubao mbovu, na labda jirani angalikuwa na neno. Lakini apakaye rangi kwa kusudi la kuficha, yeye mwenyewe ameigeuza kasoro ya wazi kuwa kasoro ya siri. Amemfumba mwenzake macho, kisha amwambia: Tazama! Na anunuapo mtu kwa fundi, ananunua pamoja na mbao maarifa ya fundi. Kama angalijua kupima ubao kwa sauti, angalijijengea mwenyewe.

«NI FUNDI GANI ASIYEFANYA HIVYO?»

Udhuru wa tatu ndio wenye nguvu kuliko yote, kwa maana humfanya mtu mwaminifu aone haya. Historia yaujibu. Katika karne ya 19 wako wenye meli wa Uingereza waliopeleka baharini vyombo vibovu, vilivyopakwa rangi mpya na kupakiwa kupita kiasi. Chombo kikizama, mwenyewe alilipwa na watu wa bima. Mabaharia hawakulipwa na mtu. Watu wakaziita meli hizo majeneza yaeleayo. Wenye meli wakajitetea wakisema ya kwamba ndivyo biashara ilivyo. Lakini wingi wao haukuyapunguza maji yaliyoingia.

Mjumbe mmoja wa Bunge, Samuel Plimsoll wa mji wa Derby, akayatangaza mambo hayo katika kitabu mwaka 1873, na mwaka 1876 ikatoka sheria kwamba kila meli iwe na alama ubavuni, duara lenye mstari, kuonyesha mwisho wa kupakia. Hapa pana jambo la kufikiriwa sana. Dawa yenyewe ilikuwa rangi! Rangi ileile iliyotumiwa kuficha, sasa ikafanywa kusema kweli. Kadhalika yapasa kukumbuka jambo la pili: hapo mwanzo kila mwenye meli aliruhusiwa kuiweka alama mahali alipotaka mwenyewe. Ni mwaka 1890 tu sheria ilipoamua mahali pake. Alama iwekwayo kwa tamaa ya mwenyewe si alama. Ndivyo ilivyo na dhamiri: mtu aisogezaye juu kidogo kila mara apatapo mzigo wa faida, mwisho hana alama tena, hata akizama hatajua alizama lini.

Watu wa maziwa ya Kongo hawana haja ya kwenda Uingereza kutafuta mfano. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo kimoja kilichotoka Minova, kimejaa watu na mizigo, kilizama katika ziwa Kivu, karibu na kivuko cha Kituku huko Goma, na watu wengi walikufa mbele ya macho ya wale waliokuwa wakiwangoja pwani.

WALE WASIOULIZWA BEI

Imebaki hoja moja ambayo jirani hakuitamka, nayo ni umaskini. Si haki kumhukumu maskini kwa maneno mepesi. Ubao mmoja ni pesa za masomo ya mtoto. Baba aibaye kwa ajili ya mwanawe hafanani na aibaye kwa ajili ya pombe. Je, haiwezekani basi kumwambia kijana kasoro, kumpunguzia bei, na kumwachia aamue? Njia hiyo yaonekana ya haki, na kwa vitu vingi ni ya haki kweli. Kiti chenye mguu dhaifu, mlango uliopinda, na viuzwe hivyo, kwa bei ndogo na kwa maneno ya wazi.

Lakini mashua si kiti. Kijana akiambiwa, aweza kukubali hatari kwa ajili ya nafsi yake, kwa sababu naye ni maskini. Na mke wake? Na mtoto mchanga aliye mgongoni? Na mzee atakayeomba kuvushwa siku ya soko, asiyejua habari ya ubao wa pili kutoka mkukuni? Hao wote watapanda, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa bei. Ukweli usemwao kwa mnunuzi hauwafikii waliomo chomboni. Kwa hiyo hatari ikiwa ni ya uhai, haitoshi kusema, yapasa kuponya. Na asiyeweza kuponya, asiuze. Hapa umaskini waweza kupunguza hatia ya mtu, bali hauwezi kuufanya ubao uelee.

KIRAKA

Baba akamjibu mwanawe: «Usifungue, mwanangu. Niletee msumeno.» Akaikata sehemu yote mbovu, toka taruma hata taruma, akapita uozo kiganja kizima kila upande. Kisha akaingia nyumbani, akatoa ubao wa mvule aliokuwa ameuweka kwa mlango wake mwenyewe. Akaupima, akaurandia, akaufunga juu ya mataruma na kipande cha kuutegemeza kwa ndani, akasindika pamba upya. Mwaka ule nyumba yake ikaendelea kufungwa kwa mkeka.

Kabla ya kupaka rangi alimwita kijana, akamwonyesha. Kijana hakupendezwa. «Mzee, mashua mpya, nayo ina kiraka?» Akataka kupunguziwa, na baba akampunguzia kidogo. Jirani akacheka, akasema ya kuwa aliyeonya hana lawama. Basi uaminifu ule ulimgharimu baba mlango na faranga, wala haukumletea sifa. Yafaa jambo hili lisemwe wazi, kwa maana wako wafundishao kwamba mwaminifu hupata faida siku zote. Wakati mwingine hapati. Akifuata faida tu, ataacha uaminifu siku ile faida itakapokosekana.

Hata hivyo kiraka si fedheha. Mwaka 1986, wakati wa ukame, maji ya ziwa la Galilaya yalipungua, na karibu na Ginosar ikaonekana mashua ya kale topeni. Wataalamu waliipima: urefu wake meta 8 na kidogo, umri wake kama miaka 2,000. Walipochunguza mbao zake wakakuta aina zaidi ya 10 za miti. Ilikuwa mashua ya watu wasio matajiri, iliyotengenezwa na kutengenezwa tena kwa kila kipande cha mti kilichopatikana. Hakuna aliyeidharau kwa viraka vyake. Kinyume chake, viraka vyashuhudia ya kuwa watu wake hawakuchoka kuitunza.

Siku ya kupaka ilipofika, mtoto alianza kwa nyeupe, akafika penye kiraka, akasimama. «Baba, nikipaka hapa, si ni kuficha?» Baba akasema: «Hapa pamepona, na mwenyewe amepaona. Sasa rangi hailindi siri, yalinda ubao. Paka.» Mtoto akapaka. Baadaye baba akamwonyesha kuchora mstari mweupe ubavuni, mahali ambapo maji yasipite, hata kama siku ya soko ni njema na abiria ni wengi.

Si kila mtu ana mashua, bali kila mtu ana ubao wake ulio chini ya maji. Mwalimu anao katika daftari alizosahihisha bila kuzisoma. Mama muuza unga anao katika kipimo chake. Mganga anao katika dawa ya zamani iliyobandikwa karatasi mpya. Kila mmoja anayo rangi karibu, na jirani wa kumwambia: Nani atajua? Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mtu wa ziwani mithali hiyo ni kali zaidi, kwa kuwa huko katikati hakuna mahali pa kujenga ukuta.

Mashua ilishushwa majini asubuhi moja, ya buluu na nyeupe, kijana akavuta makasia akaenda zake. Majuma machache baadaye upepo wa kusini ukavuma usiku kucha. Baba akaamka, akasikiliza mkeka ukipiga mlangoni, akamkumbuka kijana aliye mbali na taa yake. Akaupitia ubao mmoja mmoja moyoni, toka mkukuni hata juu. Kisha akajifunika, akalala.